Kwa nini mgonjwa mmoja wa mayokaditisi hupewa steroidi na mwingine hunyimwa

Chukua wagonjwa wawili waliolazwa wodi moja jijini Nairobi. Wa kwanza ni kijana wa miaka 22 aliyeshikwa na mafua makali, akapata nafuu, kisha wiki moja baadaye kifua kikaanza kumbana. Wa pili ni mama wa miaka 45. Kwa miezi minane amekuwa akiishiwa na pumzi kabla hajafika ghorofa ya tatu anakoishi mtaa wa Pipeline, na vidonge vya moyo anavyomeza havijamrudishia nguvu. Faili zote mbili zimeandikwa jina lilelile: mayokaditisi, yaani kuvimba kwa misuli ya moyo. Kijana anaambiwa apumzike na asicheze mpira kwa miezi kadhaa, wala hapewi dawa yoyote ya kutuliza kinga. Mama anaandikiwa vidonge 12 vya prednisoloni, steroidi inayotuliza kinga, kila asubuhi. Jamaa za kijana wanauliza: mbona wetu hatibiwi?

Swali ni la haki, ila jibu lake halimo kwenye jina la ugonjwa. Limo katika mambo mawili: ni nani anayeharibu moyo kwa sasa, na ni siku ya ngapi tangu uharibifu uanze.

Kirusi huanzisha, kinga huendeleza

Vinavyotajwa zaidi kama chanzo ni virusi vya kawaida kabisa: koksaki B, adenovirusi, parvovirusi B19, herpesi ya binadamu aina ya 6, influenza, na tangu 2020 kile cha COVID-19. Wengi wetu tumewahi kuugua vingi kati ya hivyo tukaishia duka la dawa tu. Koksaki B na adenovirusi huingia kwenye seli ya moyo kwa kushika protini moja iliyo kwenye utando wake, protini ambayo kazi yake halisi ni kuunganisha seli na jirani yake. Koksaki kikishaingia hutengeneza kimeng'enya kinachokata distrofini, ile kamba inayofunga nyuzi za ndani ya seli kwenye utando. Ndiyo protini inayokosekana kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Seli ikipoteza kamba hiyo huchanika kwa urahisi kila moyo unapojikaza, na moyo hujikaza mara kama 100,000 kwa siku.

Seli iliyovamiwa hupiga kamsa. Ina vipokezi vinavyotambua vinasaba vya kirusi, na vikiguswa hutoa interferoni, inayozifanya seli jirani zifunge milango, pamoja na interleukini 1, interleukini 6 na nyinginezo zinazoita chembe nyeupe za damu. Hii ndiyo hatua ya kwanza, ya siku tatu au nne kwa panya wa maabara, na ni hatua yenye manufaa. Panya aliyenyimwa kipokezi cha interferoni akiambukizwa koksaki hufa ndani ya siku chache. Na tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba panya akidungwa kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, wakati huo, kirusi huzaana kupita kiasi na moyo huharibika zaidi. Yule kijana, basi, anahitaji kamsa yake iachwe ilie.

Hatua ya pili huchukua wiki moja hadi mbili baada ya hapo. Chembe T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinafika. Zile za kundi la CD8 hutoboa seli zilizobeba kirusi zikaziua, za CD4 huelekeza wengine, na chembe B huanza kutengeneza kingamwili. Sehemu kubwa ya madhara ya mayokaditisi hutokea hapa, wakati ambapo kirusi mara nyingi kimeshaanza kutoweka.

Anayelijua soko la Gikomba anajua kinachotokea mtu akipaza sauti ya "Mwizi!" Watu hawaulizi maswali. Mwizi mwenyewe huenda ameshapenya vichochoroni, na anayeangukiwa ni yule aliyevaa shati linalofanana na lake. Kinga ndani ya moyo inaweza kukosea vivyo hivyo, na kosa hilo lina sababu inayoeleweka.

Chembe T hufunzwa ndani ya thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo huonyeshwa vipande vya protini za mwili mzima, na chembe inayoelekea kushambulia mali ya nyumbani huangamizwa kabla haijahitimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifichua pengo: miosini ya aina ya alfa, mojawapo ya protini zinazokaza misuli ya moyo, haionyeshwi kwenye thimasi, si kwa panya wala kwa binadamu. Kwa hiyo tunatembea na chembe T chache ambazo hazikuwahi kuambiwa kwamba miosini hiyo ni yetu. Hazina neno mradi miosini imefungiwa ndani ya seli. Kirusi kikipasua seli, miosini inamwagika, na kamsa nayo inalia. Hapo chembe hizo hupata adui ambaye hataisha kamwe, kwa kuwa ni moyo wenyewe.

Kuna njia ya pili ya kukosea, nayo ni kufanana sura. Streptokoki wa kundi A, wale wa maumivu ya koo ya watoto, wana protini inayofanana na miosini ya moyo. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya bakteria zikageukia moyo na vali zake, hiyo ndiyo homa ya rumatiki, ambayo Kenya bado tunayo. Mtoto aliyewahi kuipata hudungwa benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2 (nusu yake kwa mtoto mdogo), kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano hiyo haitulizi kinga hata kidogo. Inazuia bakteria wasirudi kupiga kamsa upya, na mzazi anayeiruka kwa sababu mtoto "anaonekana mzima" anaipa kinga nafasi ya kuushambulia moyo uleule mara ya pili.

Hatua ya tatu ni ya kuamua. Kwa wengi, chembe T za kudhibiti huwatuliza wenzao, interleukini 10 huongezeka, na moyo hubaki na kovu dogo au bila kovu kabisa. Kati ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umethibitishwa kwa kipande cha nyama ya moyo, karibu nusu hupona ndani ya wiki 2 hadi 4. Robo hivi hubaki na moyo dhaifu, na waliobaki wako hatarini kuzidiwa ghafla au kuishia na moyo uliopanuka, mkubwa na mlegevu kama mfuko uliovutwa sana. Yule mama wa Pipeline huenda yuko katika hatua hii: kirusi kimeondoka zamani, ila umati haujatawanyika.

Breki zikilegezwa

Chembe T zina breki. Mbili zinazojulikana zaidi ni CTLA-4 na PD-1. Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo, waliofungua njia ya kutibu saratani kwa kuzilegeza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 2001 kundi la Honjo mwenyewe lilionyesha kuwa panya waliozaliwa bila PD-1 hufa kwa moyo uliopanuka. Onyo lilikuwepo kabla ya dawa.

Leo dawa hizo, kama nivolumabu na pembrolizumabu, ziko Nairobi pia. Anayepata mayokaditisi kutokana nazo ni mtu mmoja kati ya mia au pungufu, lakini vifo miongoni mwa wanaoipata vimeripotiwa kuwa kati ya robo na nusu. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Huja pia na dalili ambazo mtu hawezi kuzihusisha na moyo: kope zinaanguka, macho yanaona vitu viwiliviwili, shingo inakosa nguvu ya kuinua kichwa, kwa kuwa chembe zilezile hushambulia na misuli mingine. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa hizi akiona kope zimelegea asisubiri siku ya kliniki. Hapa, tofauti na kwa yule kijana, steroidi haicheleweshwi hata siku moja: methilprednisoloni gramu 1 kwa mshipa kila siku kwa siku 3 ndiyo dozi ya kawaida ya kuanzia. Isipotosha huongezwa abatasepti, dawa iliyoundwa kwa kuiga breki ya CTLA-4. Yaani unarudisha breki uliyoilegeza.

Kuhusu chanjo za mRNA za COVID-19, ambazo watu bado wanaziuliza: ndiyo, zilisababisha mayokaditisi kwa wachache, hasa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili. Wengi wao walipona haraka. Ugonjwa wenyewe wa COVID-19 pia huuvimbisha moyo.

Jinsi ya kumjua anayechoma

Kipimo cha kwanza ni troponini, protini inayovuja kwenye damu seli za moyo zinapojeruhiwa. Damu huchukuliwa mara mbili, saa chache zikipita katikati, kwa sababu mwendo wa namba una maana kuliko namba moja. Troponini ya kawaida haimwondolei mtu ugonjwa uliokaa muda mrefu. Ya mama huenda isionyeshe kitu. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nayo inaweza kufanana kabisa na ya mshtuko wa moyo, na ndiyo maana mtu wa miaka 50 mwenye kisukari atapelekwa kwanza kuchunguzwa mishipa ya moyo hata kama alikuwa na mafua wiki iliyopita. Kuna alama moja kwenye ECG inayostahili kumtia daktari wasiwasi: umeme wa moyo kukatika njiani kwa mtu asiye mzee. Hiyo huelekeza kwenye sakoidosisi, ugonjwa wa kinga unaoacha vinundu vya uvimbe mwilini, au mayokaditisi ya seli kubwa, aina nadra na kali, na zote mbili zinataka dawa za kutuliza kinga.

Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha moyo unasukuma damu kiasi gani. Kawaida ni asilimia 55 hivi kwenda juu ya damu iliyomo kwenye chumba cha kushoto. Eko ni ya bei nafuu kuliko MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inapatikana, na ndiyo inayopaswa kurudiwa. Lakini haioni moto, inaona nyumba imeinama tu.

MRI ya moyo ndiyo inayouona moto. Vigezo vinavyotumika vinaitwa vya Lake Louise, vilivyotolewa 2009 na kuboreshwa 2018, na vinatafuta vitu viwili: maji yaliyojaa kwenye misuli, na seli zilizoharibika. Dawa ya gadolini hudungwa kwenye mshipa, kisha picha hupigwa baada ya dakika 10 hadi 15, wakati dawa imeshatoka kwenye nyama nzima ikabaki kwenye iliyoharibika. Mahali alama inapokaa ndipo penye habari. Mshtuko wa moyo huanzia ngozi ya ndani ya moyo kwenda nje. Mayokaditisi hupenda katikati ya ukuta au upande wa nje, mara nyingi ubavuni kushoto. Msomaji wa picha akiandika tu "kuna kovu" bila kutaja limekaa tabaka gani, ripoti hiyo irudishwe.

Kipimo chenyewe huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na mgonjwa huambiwa abane pumzi mara nyingi, sekunde 10 hivi kila mara. Asiyeweza kulala chali kwa sababu ya maji mapafuni atoe maji kwanza kwa frusemide, dawa ya kukojoza, la sivyo picha zitakuwa na ukungu na pesa zimeenda. Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla, maana figo dhaifu sana haziruhusu kila aina ya gadolini. Na picha ipigwe ndani ya wiki 2 au 3 tangu dalili zianze. Kungoja idhini ya bima kwa mwezi mzima kunaweza kumaanisha maji yameshakauka na jibu limepotea.

Hata hivyo MRI haiwezi kusema kama kirusi bado kimo, wala ni chembe za aina gani zilizojazana. Hilo hujibiwa na biopsi peke yake, yaani kuchukua vipande vidogo vya nyama ya moyo.

Watu huiogopa biopsi ya moyo kuliko inavyostahili. Mgonjwa huwa macho. Shingo upande wa kulia hutiwa ganzi, mrija wenye upana wa milimita 2 na kitu huingizwa kwenye mshipa mkubwa, na kupitia humo waya wenye taya ndogo hushuka hadi chumba cha kulia cha moyo, daktari akiutazama kwenye eksirei. Taya huelekezwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, kamwe si ukuta wa nje, ambao ni mwembamba na unaweza kutoboka. Zinafunguka, zinabana, zinavutwa. Mgonjwa husikia mvuto mdogo na moyo kuruka mapigo mawili matatu. Kipande kinachotoka kina ukubwa wa punje ya ulezi, na huhitajika angalau vitano. Moyo kutoboka na damu kuuzunguka hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia mikononi mwa wazoefu.

Makosa mengi hutokea baada ya hapo, kwenye meza ya pembeni. Vipande vikibanwa na koleo vinapondeka, na mtaalamu wa darubini hataweza kutofautisha chembe zilizovamia na nyama iliyosagika. Vikitiwa vyote kwenye fomalini, kirusi hakitafutiki vizuri, kwa sababu fomalini huharibu RNA, vinasaba vya virusi vingi. Sehemu ya vipande lazima iwekwe kwenye kimiminika cha kuihifadhi RNA. Chupa ziandaliwe na kuandikwa kabla mgonjwa hajaingia chumbani. Kisha kuna bahati mbaya: uvimbe huwa na mabakamabaka, na taya zinaweza kuokota mahali pasipo na uvimbe. Kwa hiyo biopsi safi haimaanishi moyo safi. Kigezo cha sasa ni kuhesabu chembe nyeupe kwa kuzipaka rangi maalumu: 14 au zaidi kwa kila milimita ya mraba, angalau 7 kati yake zikiwa chembe T.

Si kila mtu anayehitaji biopsi. Kijana wetu, mwenye moyo unaosukuma vizuri na kifua kilichotulia siku ya tatu, hahitaji. Anayezidiwa licha ya matibabu, mwenye umeme unaokatika au mapigo hatari, na mwenye udhaifu usioeleweka kama mama, hao ndio.

Dawa, na kwa nini majaribio yalipingana

Kila mwenye moyo dhaifu, hata chanzo kiwe nini, hupewa dawa za kuupunguzia moyo mzigo: enalaprili au ya jamii yake, kavedilolo au bisoprololo akishatulia, spironolaktoni, na siku hizi dapaglifozini au empaglifozini. Hizi hazigusi kinga moja kwa moja, lakini ndizo zinazowaokoa wengi, na kuzidharau kwa kukimbilia steroidi ni kosa.

Kuhusu kutuliza kinga, jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1995 lilikuwa na wagonjwa 111. Waliopewa prednisoni, steroidi, pamoja na siklosporini au azathioprini, dawa nyingine za kutuliza kinga, hawakuwashinda wenzao. Wengi waliufunga mjadala hapo. Tatizo ni kwamba jaribio halikutenganisha wenye kirusi na wasio nacho, na wengine wangepona wenyewe. Mwaka 2009 kundi la madaktari wa Roma, Italia, lilichagua tofauti: wagonjwa 85, wote wenye moyo dhaifu kwa zaidi ya miezi 6, wote wakiwa na uvimbe kwenye biopsi na hakuna kirusi. Waliopewa prednisoni na azathioprini, asilimia 88 moyo wao ulisukuma vizuri zaidi. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa hakupona hata mmoja, na asilimia 83 walizidi kudhoofika. Ni kituo kimoja na wagonjwa wachache, hivyo si msahafu. Lakini majaribio haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana, maana la kwanza liliuliza kama steroidi inasaidia mayokaditisi, na la pili likauliza kama inamsaidia mtu ambaye kirusi kimemtoka na kinga yake haijatulia.

Upande wa vijana wenye ugonjwa mwepesi, jaribio la Ufaransa lililotangazwa 2023 liliwapa wagonjwa 120 anakinra, inayoziba interleukini 1 peke yake, au sindano tupu. Hakukuwa na tofauti, kwa kuwa karibu wote waliendelea vizuri. Jamaa za kijana waambiwe hivyo. Kuna dawa ambayo haikuongeza kitu.

Na kuna aina moja isiyo na subira. Mayokaditisi ya seli kubwa ni nadra, huwapata watu wazima waliokuwa wazima wiki chache kabla, na kwenye kumbukumbu za wagonjwa 63 zilizochapishwa 1997, nusu ya wasiotulizwa kinga walikuwa wamefariki au kubadilishiwa moyo ndani ya miezi 3. Kwa waliopewa mchanganyiko wa dawa, nusu hiyo ilifikiwa kwenye miezi 12 hivi. Huyu hapewi steroidi peke yake. Huongezewa siklosporini au dawa nzito zaidi.

Kabla ya kidonge cha kwanza Nairobi

Dozi zilizoandikwa Roma zinadhani mgonjwa wa Roma. Hapa kuna vitu vinne vya kufukua kwanza. Kifua kikuu, kwa sababu kinga ikilazwa bakteria waliolala huamka: eksirei ya kifua, makohozi kama kuna kikohozi, na dawa ya kuzuia kwa asiye na ugonjwa wenyewe, mathalani isoniazidi pamoja na vitamini B6. Ikibidi kutibu kwa rifampisini, prednisoloni huondolewa mwilini haraka kiasi kwamba dozi hulazimika kupandishwa, na asiyelijua hilo atadhani steroidi imeshindwa. Pili ni VVU, ambavyo vyenyewe huvimbisha moyo na hutibiwa kwa ARV. Tatu ni homa ya ini aina ya B, inayoweza kulipuka katikati ya matibabu. Nne husahaulika: minyoo aina ya strongiloidi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua, kisha steroidi ikaifanya isambae mwili mzima na kuua. Ivermektini kabla ya steroidi ni bei ndogo.

Kwamba tahadhari hizi si nadharia kulionekana kwenye jaribio la mwaka 2014 lililofanywa katika nchi 8 za Afrika, chini ya Bongani Mayosi wa Cape Town. Wagonjwa 1,400 wenye kifua kikuu cha mfuko unaozunguka moyo walipewa prednisoloni au kidonge tupu. Vifo havikupungua. Mfuko kukakamaa na kuubana moyo kulipungua, lakini saratani ziliongezeka kwa wenye VVU. Dawa ileile, faida na hasara kwenye mizani moja.

Sasa hesabu ya vidonge. Kwa dozi za Roma, mama mwenye kilo 60 huanza na miligramu 1 kwa kilo, yaani miligramu 60: vidonge 12 vya miligramu 5, vyote asubuhi baada ya chai na chakula. Baada ya wiki 4 hushushwa hadi theluthi, vidonge 4, kwa miezi 5. Azathioprini ni miligramu 2 kwa kilo kwa miezi 6, takriban vidonge viwili na nusu vya miligramu 50. Hesabu ya damu hupimwa kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kwa sababu azathioprini inaweza kuangusha chembe nyeupe. Akipewa alopurinoli ya jongo na daktari mwingine asiyejua, sumu ya azathioprini huongezeka mara kadhaa. Daftari la kliniki libebwe kila aendako.

Sukari ipimwe baada ya chakula cha mchana, si asubuhi tu. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na ile ya kabla ya kula hudanganya. Vidonge visiishe akiwa ushago wikendi ya sikukuu: baada ya wiki kadhaa tezi za juu ya figo zimelala, na kuacha ghafla huangusha presha na kumlaza mtu hoi. Homa yoyote ni ya hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa steroidi huficha ukali wa maambukizi. Chanjo zenye viini hai, ikiwemo ya homa ya manjano wanayodaiwa wasafiri, zisubiri.

Wote wawili, kijana na mama, wajiepushe na diklofenaki na Brufen za duka la dawa, ambazo kwa maumivu ya kifua huuzwa kama peremende. Hushikilia chumvi na maji mwilini, huumiza figo zilizo kwenye enalaprili, na kwa panya wenye mayokaditisi dawa za jamii hiyo ziliongeza uharibifu. Paracetamol inatosha. Iwapo mfuko wa nje wa moyo nao umevimba, daktari atachagua mwenyewe, mara nyingi akiongeza kolchisini, dawa ya kutuliza uvimbe.

Mpira, gym, mbio za asubuhi msitu wa Karura: vyote husimama kwa miezi 3 hadi 6, hata kama kijana anajisikia mzima wiki ya pili. Moyo uliovimba ukisukumwa kwa kasi hupata mapigo yanayoua ghafla, na hilo humpata hata mwenye eko nzuri. Kabla ya kurudi, troponini iwe imeshuka hadi kawaida, eko irudiwe, avae kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, kisha akimbie kwenye mashine akiwa na nyaya za ECG kifuani. Kama MRI ya kwanza ilionyesha alama, ya pili hupigwa wakati huo. Alama ikibaki lakini maji yamekauka, mazungumzo ya kurudi uwanjani yafanywe na daktari wa moyo, si kocha. Akizimia au moyo ukimwenda mbio bila sababu hata kwa sekunde chache, hesabu ya miezi inaanza upya.